Pennock na Mferejini

Lewisham, London
8 Oktoba 1995

Baba,

Shikamoo.

Najua umepita mwaka na zaidi tangu nikuandikie, na barua ile ya mwisho ilikuwa ya mistari minne. Leo nina jambo ambalo sioni mtu mwingine wa kumweleza akalielewa.

Kazini kwangu, kwenye chumba cha mafaili ya wagonjwa, yupo mama mmoja wa Kihindi anaitwa Damyanti. Kazaliwa Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, na Kiswahili chake kinawashinda wengi ninaosali nao hapa. Kila Jumapili huuza chai kwenye stesheni moja ya zamani nje ya London, upande wa Kent. Kwa miezi mingi amekuwa akinialika nami nakwepa. Jumapili iliyopita nikaishiwa visingizio, nikamshika mjukuu wako Nakijwa mkono, tukaenda.

Baba, nilishuka basini nikajikuta niko Mferejini, stesheni kwako. Jukwaa moja, chumba kimoja cha tiketi, benchi la mbao, ndoo nyekundu za mchanga zimening'inizwa ukutani. Hata ile harufu ya dawa ya mataruma ya reli ipo. Panaitwa Pennock. Serikali iliifunga stesheni hiyo mwaka 1961, reli zikang'olewa, jengo likawa ghala la makaa, halafu banda la kuku. Kisha wakatokea watu wa kawaida tu, walimu, mafundi bomba, karani wa benki, wakaanza kuifufua bila mshahara. Garimoshi lao la mvuke linatembea kutoka mwanzo wa njia, ila Pennock halijafika. Zimebaki maili mbili za kutandika reli. Kwa hiyo ni stesheni iliyokamilika kila kitu isipokuwa treni.

Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu, James. Alinikuta mbele ya mashine ya tokeni, ile ya kutolea ruhusa ya treni kuingia njiani, machozi yananitoka, akadhani nimejibana kidole. Nikamwambia baba yangu ni stesheni masta. Akavua kofia! Akauliza, "Bado yuko kazini?" Nikasema, "Yuko kazini mpaka leo."

Wanataka kuandika kitabu cha historia ya Pennock, kitoke siku treni ya kwanza itakapofika. Wameniomba niingie kwenye kamati kwa kuwa najua kupanga mafaili, nami nimekubali kabla sijafikiri. Sasa sijui pa kuanzia. Ungekuwa unaandika habari za Mferejini, ungeanza wapi?

Sijasahau ya Moshi. Mama alipokuwa anakata roho pale hospitali, na wewe hukuja, aliliita jina lako mara tatu. Siwezi kujifanya nimesahau. Lakini hili la stesheni nimeona nikuulize wewe.

Mwanao,
Haika


Stesheni ya Mferejini
2 Novemba 1995

Binti yangu Haika,

Marahaba, na marahaba nyingine ya huo mwaka mzima uliopita. Barua yako imefika jana saa nne na dakika kumi asubuhi. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Unauliza pa kuanzia. Anza na sababu ya stesheni kuwa hapo ilipo. Mferejini iko Mferejini kwa sababu injini za Mjerumani zilikuwa zikifika hapa zina kiu, na mfereji waliouchimba wazee wetu ulikuwa unashusha maji kutoka mlimani. Waulize hao wenzako: kwa nini Pennock, kwa nini si maili moja mbele? Lazima kuna mtu alikuwa na kitu ambacho treni ilikitaka, au treni ilibeba kitu ambacho watu walikitaka.

Halafu majina. Usiniandikie "wafanyakazi". Andika fulani bin fulani, kazi yake kuwasha taa, alikuwa na kikohozi na alipenda ugoro. Vitabu vya reli vimejaa majina ya mameneja ambao hawajawahi kunyanyua taruma.

Na usikiamini sana kitabu cha stesheni. Nimeviandika vitabu hivyo miaka thelathini na moja, navijua. Huwa tunaandika treni ilifika saa ngapi. Kwa nini ilichelewa tunaandika neno moja, na neno lenyewe mara nyingi ni la kumridhisha mkaguzi.

Hapa tu wazima. Treni ya abiria ya Jumanne ilichelewa dakika arobaini, ng'ombe walilala relini. Abiria walikuwa wengi, nusu yao na magunia ya vitunguu. Mimi napaka chokaa ukingo wa jukwaa.

Ya Moshi nimeyasoma.

Mjukuu wangu, somo wa bibi yake, anazungumza Kiswahili?

Baba yako,
Eliamani Mshana
Stesheni Masta


Lewisham
25 Februari 1996

Baba, shikamoo.

Nilimuuliza James swali lako mbele ya kamati nzima: kwa nini hapa, si maili moja mbele? Watu wakatazamana. Miaka ishirini wanapiga rangi stesheni ile na hakuna aliyewahi kujiuliza. Tukapelekwa kwa Bibi Ivy Tranter, ana miaka sabini na tisa, binti wa stesheni masta wa mwisho wa Pennock. Alinijibu kabla sijamaliza kunywa chai. "Maua," akasema.

Kumbe huko kulikuwa na mashamba ya yale maua machungu ya kutengenezea bia, na mwenye shamba kubwa alitoa kiwanja bure ili treni isimame mlangoni kwake. Ila maua yenyewe yalivunwa na watu maskini wa London. Kila Septemba treni ilileta kina mama na watoto wao, sufuria, magodoro, hata kuku, wakalala kwenye vibanda wiki tatu wakichuma. Hiyo ndiyo ilikuwa likizo yao. Bibi Ivy alikuwa na miaka saba, kazi yake aliyopewa na baba yake ni kuhesabu watoto wanaoshuka, na kuwahesabu tena wakati wa kurudi. "Mwaka mmoja," akaniambia, "walirudi wamezidi wawili."

Majina ninayo sasa kumi na tisa. Aliyewasha taa aliitwa Albert Finch na alikuwa kiziwi wa sikio moja. James alikuwa ameandaa ukurasa mzima wa wakurugenzi wa kampuni. Nimeusogeza mwisho wa kitabu. Amenuna siku mbili.

Mimi mwenyewe nimeanza kujifunza kazi. Kwanza ufagio, halafu milango ya mabehewa, halafu kibanda cha ishara za treni, na huko kuna mtihani wa kweli, mtu hapewi cheti kwa kupenda treni. Najifunzia kwenye stesheni ya mwanzo, kule treni zinakotembea.

Nakijwa Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza. Neno moja tu amelishika mwenyewe akalipenda, "garimoshi". Analitamka basini kwa sauti mpaka watu wanageuka.

Mwanao,
Haika


Stesheni ya Mferejini
14 Aprili 1996

Haika,

Marahaba. Habari ya watoto wawili waliozidi nimemsimulia mchungaji, akacheka akashika mbavu.

Nina maswali na naomba uyapeleke kwa Bibi Ivy kwa mpangilio huu. Baba yake aliambiwaje kwamba stesheni inafungwa: kwa barua, kwa simu, au mtu alikuja? Siku ya mwisho walipanda abiria wangapi? Na kesho yake asubuhi, yule mzee alifanya nini? Hilo la tatu usilisahau.

Huku treni zinapita kama kawaida.

Baba yako,
E. Mshana
Stesheni Masta


Lewisham
15 Septemba 1996

Baba, shikamoo.

Majibu kwanza. Aliambiwa kwa barua, tena iliyokosewa jina lake. La abiria wa siku ya mwisho, Bibi Ivy kaniambia nimpe muda, anataka kukumbuka vizuri asije akasema uongo. La kesho yake asubuhi anakumbuka kabisa. Mzee aliamka saa kumi na moja kama siku zote, akavaa sare, akateremka, akafagia jukwaa lote. Kisha akarudi nyumbani akamuuliza mkewe, "Hivi watu wengine hufanya nini asubuhi?"

Sasa jambo langu. Nimefaulu mtihani. Kuanzia mwezi huu nina cheti cha kukaa kibandani, kupokea treni na kutoa tokeni. Ulivyonieleza nikiwa mdogo sikuwa nikisikiliza, nikidhani ni kipande tu cha shaba. Sasa ninakitoa kwa mkono wangu, na najua kwamba reli ni moja, na dereva asiyekishika hana ruhusa ya kuingia njiani, ili treni mbili zisikutane uso kwa uso.

Kwenye mtihani kulikuwa na swali: uko peke yako zamu, treni iko njiani, unaletewa habari kwamba nyumba yako inaungua. Unafanya nini? Jibu sahihi ni kwamba huondoki mpaka mwenye cheti aje akupokee. Niliandika hilo jibu, Baba, halafu nikaweka kalamu chini. James akaniuliza kama naumwa.

Ulikuwa peke yako Mferejini. Simu ya upepo niliyokutumia ilikukuta zamu. Ungeondoka, watu wangekufa. Miaka minane nimekuchukia kwa sababu nilikuwa sijui kazi yako. Nimekusamehe. Naomba na wewe unisamehe mimi.

Damyanti anakwenda Tanga mwezi wa kumi na moja kwenye harusi. Atapanda treni ya abiria aje kukusalimu, akuletee rasimu ya kitabu uisahihishe. Amefurahi kuliko mimi. Anasema hajapanda treni ile tangu akiwa msichana.

Mwanao akupendaye,
Haika


Mferejini
6 Oktoba 1996

Haika,

Mwambie Damyanti asiende stesheni ya Tanga kukata tiketi. Hakuna treni. Apande basi.

Treni ya abiria ya mwisho ilipita hapa Machi 1993. Mferejini imefungwa. Ya mizigo hupita mara moja moja, haisimami. Shirika limeniachia nyumba hii niwe mlinzi wa jengo, na mimi sikukwambia. Ile treni ya Jumanne niliyokuandikia, iliyochelewa kwa sababu ya ng'ombe, ni ya mwaka 1987. Niliinakili kutoka kitabuni, na vitunguu vyake. Uliandika kwamba mtu alivua kofia kwa kusikia baba yako ni stesheni masta, nawe ukamwambia yuko kazini. Nilishindwa kukuvunjia hilo.

Kama ingekuwa hilo tu ningeishia hapa. Lakini umenisamehe, na siwezi kuupokea msamaha huo. Soma mpaka mwisho.

Siku aliyofariki mama yako, Alhamisi ya tarehe 11 Agosti 1988, hapakuwa na treni. Saa moja na nusu asubuhi nilipigiwa simu kutoka stesheni ya jirani kwamba injini ya mizigo imeharibika na njia iko tupu mpaka kesho yake. Msaidizi wangu Rajab alikuwepo, na cheti anacho. Aliniambia, "Mzee, nenda." Palikuwa na lori la saruji linakwenda Moshi, dereva akakubali kunisubiri. Niliingia ndani kuchukua koti. Nikakaa kitandani. Nilisikia honi mara ya kwanza, mara ya pili, kisha nikasikia lori linaondoka.

Niliogopa, Haika. Wiki moja kabla nilikuwa nimemwona amekonda hata pete imefungwa uzi isianguke. Nilijua nikiingia wodini safari hii nitatakiwa kumuaga. Watu wote mkadhani ni kazi imenizuia, na mimi nikawaacha mdhani hivyo, mazishini na baada ya mazishi. Kitabuni siku ile nimeandika kwa mkono wangu: "Hakuna treni." Kipo kabatini. Yeyote angeweza kukifungua.

Msamaha wako ulimpa stesheni masta aliyekuwa na watu njiani. Mimi siye. Naurudisha.

Eliamani


Mferejini
9 Februari 1997

Haika,

Damyanti alifika Novemba kwa basi, akala kwangu makande, akaniimbia nyimbo za shule yake ya Tanga. Alinipa rasimu. Nilitazama kama ndani yake kuna barua. Haikuwemo, na nimeelewa.

Rasimu ni nzuri. Ukurasa wa kumi na mbili mmeandika kwamba bendera ya kijani hukunjuliwa kabla ya milango kufungwa. Rekebisheni, mtu ataumia.

Nimeanza na mimi kuandika majina ya Mferejini kwenye daftari la shule. Nimefika ishirini na sita. Sikudai jibu.

Baba yako


Lewisham
5 Oktoba 1997

Baba,

Shikamoo.

Mwaka mzima. Barua yako ya Oktoba niliisoma kwenye ngazi za nyumba yetu nikashindwa kuingia ndani. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo hata mwaka 1988. Nimeanza kukujibu mara nane. Zote nimezichana, kwa hiyo usiombe kuziona.

Nikueleze lililotokea.

Mwezi wa tano tulikaa kamati kumalizia sura ya siku ya mwisho ya Pennock. James alikuwa ameiandika tayari. Watu wamejaa jukwaani, bendi inapiga, kina mama wanalia, dereva anapuliza filimbi mpaka kilima cha pili. Nzuri kweli. Ila Bibi Ivy alikuwa ameshakumbuka, na aliniambia nimwandikie hivyohivyo: mvua ilikuwa inanyesha, abiria walikuwa wawili, na mmoja wao ni yeye mwenyewe anakwenda kung'oa jino.

James akasema, "Haika, nani atataka kusoma hiyo?"

Nikamwambia, "Baba yake alifunga stesheni yake mbele ya watu wawili. Ukimjazia jukwaa, unamnyang'anya siku yake."

Tulibishana saa nzima. Damyanti akaacha birika likaungua. Mwisho tulipiga kura, nikashinda kwa kura moja, na kura yenyewe ilikuwa ya James.

Nilirudi Lewisham nimejaa ushujaa. Treni ilipokaribia nyumbani, pale Hither Green, ushujaa ukaniishia, maana nilijiuliza: na wewe Haika, ya kwako umeiandika vipi?

Baba, Mama hakufia mikononi mwangu. Niliwaambia nyote kwamba alifia humo, na mchungaji akalirudia mazishini. Siku ile tangu saa tatu asubuhi nilikuwa stendi ya mabasi ya Moshi nakusubiri. Kila basi, kila lori. Nilijiambia nitakaa nusu saa, nikakaa mpaka saa nane. Niliporudi wodini kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya. Nesi aliniambia alikuwa amelala tangu alfajiri na hakuamka. Amelala tu. Hakukuita. Hakumwita mtu yeyote. Yale ya kuliita jina lako mara tatu niliyatunga mimi kwenye gari la maiti, nikitafuta kitu cha kukuumiza, na nilikipata.

Kwa hiyo hakuna kati yetu aliyekuwepo. Nimekubebesha pengo lako na langu pia. Nimekuachia miaka tisa ukisikia sauti isiyokuwepo.

Sijui kama nimekusamehe la lori. Siku nyingine naamka limepungua, siku nyingine nalisikia linapiga honi. Lakini nakuandikia, na nitaendelea kukuandikia.

Jumapili ya tarehe 21 Septemba treni ilifika Pennock. Miaka thelathini na sita. Safari hii watu walijaa kweli, na bendi ilikuwepo, James alihakikisha. Mimi nilikuwa kibandani. Nilisikia kengele ya kuulizwa kama njia iko wazi, nikajibu: iko wazi. Nakijwa alikuwa jukwaani amemshika mkono Bibi Ivy, wanahesabu watoto wanaoshuka. Walifika mia na kumi na moja. Bibi Ivy anasema Nakijwa amehesabu mmoja mara mbili.

Kitabu kimetoka. Kwenye bahasha hii kimo chako. Ukurasa wa kumi na mbili tumerekebisha.

Julai ijayo nina likizo ya wiki nne. Nataka kuja na Nakijwa, kama utatupokea.

Mwanao,
Haika


Usangi
7 Juni 1998

Binti yangu Haika,

Marahaba.

Utaona juu hapo nimeandika Usangi. Nimehama Mferejini mwezi wa pili. Hakuna aliyenifukuza. Nilisoma kitabu cha Pennock mara mbili, nikafunga madirisha ya stesheni, nikampelekea Rajab funguo, nikapanda mlimani kwa miguu kwa kuwa nilitaka njia iwe ndefu.

Tangu siku ya mazishi sikuwa nimekanyaga kaburini kwa mama yako. Nilikuta majani yamepita kiunoni. Nimeyafyeka siku tatu. Siku ya nne nilikaa pale nikamweleza habari ya lori, ya koti na ya kitanda, kwa sauti, mpaka mtoto wa jirani akakimbia kumwambia mama yake kwamba Mzee Mshana anaongea peke yake. Sasa nimejenga chumba kimoja na kibaraza karibu yake. Bati limebaki kipande upande wa mashariki, litamalizika kabla hamjafika.

Neno lako moja nimelirudia mara nyingi kuliko yote: amelala. Miaka tisa nilikuwa najua kwamba aliniita na sikuitika. Umeniondolea. Ya kwako pia nimeyasoma. Ulikuwa na miaka ishirini na tano, uko stendi unamsubiri baba yako, ambaye alipaswa kuja. Hilo halina kosa la kwako, nakataza ulitafute. Kuhusu lori, usiharakishe. Nina muda.

Daftari la Mferejini limefika majina sitini na moja. Kwenye ukurasa wa mwaka 1988 nimeandika ilivyokuwa. Sasa naomba unijie na habari za mama yako zile ninazozikosa, kwa kuwa stesheni ile alifanya kazi na yeye: nani alikuwa anawapa uji abiria wa treni zilizolala? Hakuna kitabu kilichomwandika. Tutamwandika mimi na wewe, na somo wake akae atusikilize, ajibu kwa Kiingereza akipenda. Nimeanza kujifunza. Nimeshajua "good morning" na "mind the step", mchungaji wa hapa Usangi ndiye mwalimu.

Sasa safari, na naomba uzingatie. Hakuna treni. Najua zamani usingetegemea kuandikiwa na mimi maneno haya. Mkishuka Dar es Salaam msisafiri siku hiyohiyo, laleni. Kesho yake asubuhi mpande basi la Moshi, mkae upande wa kulia msichomwe na jua la alasiri. Mwambieni utingo mapema kwamba mnashuka Mwanga, msije mkapitilizwa. Mtapita Mferejini. Haina kibao tena, lakini mtoto aonyeshwe.

Basi hufika Mwanga kati ya saa nane na saa kumi, hakuna anayejua hasa, nimewauliza madereva wanne na kila mmoja ana saa yake. Kwa hiyo nitumie tarehe, na mimi nitateremka kutoka Usangi jana yake, nilale kwa mchungaji wa pale Mwanga, na kukikucha nitakuwa stendi. Msihangaike kunitafuta. Nitakuwa nimefika kabla yenu.

Baba yako,
Eliamani